Kigoda na Kochi

Niseme mapema ili tusisumbuane: menyu inakaa juu. Ukiwasha kompyuta, macho yanaanzia juu, kama unavyosoma ukurasa, kwa hiyo kile kitufe cha kufungulia programu kinatakiwa kuwa juu, kona ya kushoto. Anayekiweka chini ana lake jambo. Mdogo wangu anakiweka chini.

Kwa ajili ya hilo tu, ndugu wa tumbo moja tuliacha kusemezana. Usicheke. Wapo wanaogombea kiwanja, sisi tuligombea kona ya kioo.

Mimi ni fundi kompyuta. Duka letu ni chumba kimoja chenye milango miwili: huku mume wangu anatengeneza friji, huku mimi nafufua kompyuta ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa. Mashine za namna hiyo haziwezi kubeba mifumo mipya mizito ya kununua. Ndiyo maana mimi na mdogo wangu, enzi hizo tukielewana, tulichukua Linux, ambayo ni ya bure na kila mtu ana ruhusa ya kuifungua na kuibadilisha, tukaipunguza hapa na pale, tukaisuka upya, ikawa mfumo mwepesi unaoamka hata kwenye mashine iliyolala miaka. Wenye kazi hii huita mfumo wa hivyo distro, na distro ziko chungu nzima, kila moja na wenyewe. Yetu tuliiita Kigoda. Kidogo, hakina mto, lakini ukikikalia hakiyumbi.

Kigoda kikashika. Mapokezi ya zahanati, shule, fundi cherehani anayechapa risiti zake, watu nisiowajua hata kwa sura wakawa wanaingia kwenye jukwaa letu la mtandaoni, huyu anashukuru, yule analalamika. Hapo ndipo mdogo wangu alipoleta hoja ya menyu chini. Nikasema ng'o. Akasema watu wameizoea chini. Nikamwambia watu wamezoea pia kuipiga kompyuta makofi ikikwama, basi tuwawekee na pa kupigia? Akanuna. Akabeba nakala ya Kigoda, akaipamba kwa picha na vivuli, akashusha menyu chini, akaiita Kochi. Kochi! Yaani mimi nimekaa kwenye kigoda na yeye kajinyoosha kwenye kochi.

Kisheria hakukosa. Leseni ya Linux inasema yeyote anaweza kuchukua, kubadili na kugawa, mradi naye asiwafungie wenzake mlango. Kilichonichoma ni kwamba hata baada ya kuhama, Kochi liliendelea kuchota programu zake kwenye ghala la Kigoda. Mimi ndiye niliyeziunda, nikazijaribu, nikazipanga, yeye akazivuta zilivyo na kuzivisha nguo.

"Mwizi mkubwa," nilimwambia mama.

Mama ni mkunga mstaafu, na tangu astaafu kazi yake ni kucheza karata kwenye kompyuta. Hakuinua hata macho. "Na hiyo Linux," akasema, "uliizaa wewe?"

Nikachukua mkoba wangu, nikaaga. Kwa mama hiyo hunitokea mara nyingi.

Tangu ugomvi ule mama akawa ndiye tarishi wetu. Nikiwa na neno kwa mdogo wangu nampa mama, naye akiwa na lake anampa mama. Na kompyuta ya mama ikawa ndiyo uwanja wa vita. Nikienda kumsalimia naikuta ina Kochi, nalifuta, naweka Kigoda. Nikiondoka, mwenzangu naye anakuja kusalimia, anafuta Kigoda, anaweka Kochi. Mama hakujali kabisa nani kaweka nini. Alijali karata. Kila tukifuta, hesabu ya michezo aliyoshinda inarudi sifuri.

"Nyie watoto," alikuwa akisema, "nilishawafunga wote humu ndani. Sasa naonekana sijui kitu."

Hayo yalikuwa ya kucheka. Yasiyochekesha yalianzia chuoni. Seva ya Kigoda, yaani ile mashine ambayo watu wote huchukulia programu na marekebisho, ilikuwa inakaa bure kwenye rafu ya chumba cha seva cha chuo kimoja, kwa hisani ya mhadhiri mzee aliyetupenda. Mzee akastaafu. Mkuu mpya wa idara akanipigia simu kwa adabu sana kwamba chumba kinahitajika, naomba ufikapo mwisho wa mwezi rafu iwe wazi.

Nikaulizia pa kulipia. Bei niliyotajiwa nilimrudia nayo mume wangu, akazima bomba lake la gesi la kuchomelea, akavua miwani.

"Mama watoto," akasema, "tukilipia hiyo, friji za watu nitazijaza upepo wa mdomo?"

Hakuwa na roho mbaya, alisema kweli. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: nisipopata mfadhili kabla ya mwezi kuisha, nazima Kigoda. Na nikikizima, zahanati, shule na fundi cherehani wangu hawatapata tena marekebisho hata ya kuwazuia wahuni wa mtandaoni. Mfumo wa hivyo ni nyumba isiyo na mlango. Nililia siku ile, tena kwa sauti, nyuma ya friji ya mteja.

Halafu ikatokea bahati. Taasisi moja inayosimamia vyumba vya kusomea ilitangaza kwamba ina kompyuta kuukuu nyingi, inatafuta distro moja ya bure ya kuziwekea, na itakayochaguliwa, wenyewe watafadhiliwa kwa miaka kadhaa. Nikaomba mbio mbio. Distro kubwa kubwa hazikujisumbua na vyuma chakavu vya namna ile. Mchujo ulipokwisha tulibaki wawili. Kigoda, na nani? Usiniulize.

"Ndugu yako anasema kila la heri," mama akaniambia.

"Mwambie asante, na ajiandae kulia."

"Asante nitampelekea. Hilo jingine mpigie mwenyewe."

Shindano likiwa limekaribia nilikwenda kwa mama. Kama kawaida nikakuta Kochi limejaa skrini, linameremeta. Mama akaomba nimchapie picha ya wajukuu, na kwenye kabati alikuwa na printa ya zamani, aina ile ile ambayo taasisi ilisema ndiyo wanayo. Nikaichomeka. Likafunguka dirisha la printa la Kochi, lile la madoido, mdogo wangu kaliandika mwenyewe. Likasimama. Nikasubiri, wapi! Kipanya hakisogei, kibodi imekufa, kila kitu kimeganda.

Nitasema kweli, nilifurahi. Nilifurahi mpaka mama akaniuliza unacheka nini peke yako. Mbele ya wafadhili, printa ile ile, Kochi lingeganda kama lilivyoganda pale, na Kigoda kingepita kikichekelea. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kunyamaza kuna kazi gani?

Basi, nikarudi dukani nikanyamaza. Nikasafisha kibodi ya mteja. Nikaisafisha tena. Nikafagia. Mume wangu akaniangalia.

"Una nini wewe? Unafagia upande wangu."

Mimi ugonjwa wangu ni mmoja: hitilafu nikishaiona siwezi kuiacha. Ni kama kuona mtoto wa jirani ana kamasi, hata kama mama yake humpendi utatafuta kitambaa. Na Kochi lilikuwa na watu wake pia, wenye printa kuukuu kama ya mama, nao hawakunikosea kitu. Nikajiambia nitatazama tu, sitagusa. Nikafungua msimbo wa Kochi, yaani yale maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya, maana uko wazi kwa kila mtu, nikalipata kosa kabla chai haijapoa. Dirisha lile huiuliza printa jina, halafu hukaa kusubiri jibu. Printa za zamani hazijui kujibu swali hilo. Kwa hiyo dirisha linasubiri, printa imenyamaza, na mwenye kompyuta katikati anang'aa macho.

Nikaandika kiraka. Kifupi tu: subiri kidogo, usipojibiwa endelea na safari.

Sasa, katika kazi yetu kuna desturi. Ukitengeneza kilichoharibika hukifichi chumbani kwako, unakipeleka kwa mwenyewe, hadharani, ili kila anayechota pale apate. Hiyo ndiyo imefanya Linux ikafika ilipofika, na hiyo ndiyo niliyolelewa nayo. Nikaingia kwenye jukwaa la Kochi, mbele ya kila msomaji, nikaandika: "Printa ya zamani haijibu ukiiuliza jina. Wewe unaisubiri mpaka lini? Kiraka hiki hapa. Jifunze kukata tamaa mapema. Na hizo rangi za dirisha zinaumiza macho." Nikaweka jina langu la jukwaani, Dada Kiraka, nikatuma.

Ndipo akili ikanirudia.

"Umefanya nini?" mume wangu akauliza, maana nilikuwa nimeshika kichwa.

Nikamweleza. Akacheka mpaka akashikilia friji.

"Umempa mpinzani wako risasi."

"Nimempa kiraka."

"Na akikushinda kwa hicho hicho kiraka?"

"Nitamnyonga kwa waya wa printa," nikasema, na wakati huo nilimaanisha.

Jibu la mdogo wangu likaja hadharani vile vile. Neno moja: "Kimepokelewa." Hata asante hakuna! Nikawaza, haya, kula kiraka changu kikukwame.

Siku ya shindano tuliitwa kwenye chumba kimoja cha kusomea. Meza ndefu, viti vya mbao, madirisha makubwa, na kompyuta mbili ambazo plastiki yake ilishageuka njano. Printa katikati. Mwenyekiti wa taasisi alikuwa mama mrefu, miwani inaning'inia kwa kamba shingoni, anaongea taratibu kana kwamba kila neno analipima kwanza. Mdogo wangu alikuja na suti na tai. Mimi nilikuja nimeharakisha, na nilipofika nikagundua kwamba bado nimevaa aproni ya dukani yenye doa la risasi ya kulehemu. Tukakaa ncha mbili za meza, kila mtu anatazama dari.

Mwenyekiti akatueleza utaratibu. Mhudumu wa chumba kile, ambaye hajawahi kuona Kigoda wala Kochi, ataandika sentensi moja na kuichapa. Sisi wenyewe hatutakiwi kutamka kitu.

Kigoda kilianza. Kiliwaka upesi hadi mhudumu akasema "Lo!" na mimi nikavimba kichwa. Halafu akashika kipanya, akakipeleka chini kushoto. Hakuna kitu. Akakipeleka chini kulia. Akakizungusha chini kote kama anafuta meza.

"Naanzia wapi hapa?" akauliza.

Juu, dada, juu! Nilijiuma ulimi. Mguu wangu ukawa unagonga sakafu wenyewe. Mtu mzima na akili zake, kwa nini hatazami juu?

"Ju..." nikaanza.

"Dada fundi, tafadhali," mwenyekiti akasema.

Mwishowe aliipata, lakini jasho lilikuwa limemtoka, na aliitafuta tena alipotaka kuchapa. Karatasi ikatoka safi kabisa. Sikuthubutu kutazama ncha ya pili ya meza, maana nilijua kuna mtu anatabasamu.

Kochi likafuata. Kuamka kwake ni shughuli, tulikaa, tukakohoa, mtu mmoja akafungua dirisha. Lakini lilipowaka, mkono wa mhudumu ulikwenda chini kushoto bila kufikiri, menyu ikafunguka, akaandika sentensi yake huku anaimba puani. Akachomeka printa. Dirisha la madoido likatokea, likasimama. Likasubiri kidogo, halafu likaendelea na safari, na karatasi ikaanza kutoka.

Kile kilikuwa kiraka changu. Nikajikuta natabasamu kama mjinga, na hapo hapo nikajua nimejimaliza mwenyewe.

Wafadhili walitoka kushauriana, wakarudi, mwenyekiti akavaa miwani yake. Alisifia wepesi wa Kigoda, akakisifia sana, na mimi nimeishi vya kutosha kujua mtu akisifiwa hivyo yuko njiani kunyimwa. "Lakini wasomaji wetu ni kama huyu mhudumu," akasema. "Tumechagua Kochi."

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, mikono ikiwa mizito. Kimekwisha, nikawaza. Kigoda kimekwisha. Nilikuwa nafikiria nitamwambiaje yule dada wa mapokezi ya zahanati, ambaye hunisalimia kwenye jukwaa kila akifungua kazi.

"Sasa tuambie," mwenyekiti akamgeukia mdogo wangu, "ukishapata ufadhili, utaanza na lipi?"

Akasimama. Akashika tai kana kwamba inambana.

"Kwanza nitaihamisha seva ya Kigoda," akasema. "Mama ameniambia inafukuzwa inakokaa. Nitaitafutia pa kukaa, pazuri, na nitapalipia muda wote wa ufadhili."

Mimi nilidhani nimeota.

"Kochi ni nguo," akaendelea, bado hanitazami. "Mwili ni Kigoda. Programu zote mlizoona zimeundwa na huyu dada yangu aliyevaa aproni. Akizima mashine yake, mimi sina cha kuvisha. Na ile printa, mngekuja kabla hajaigusa ingeganda hapa mbele yenu. Yeye ndiye aliyeitengeneza. Akanitumia, na matusi juu."

Watu wakaangua kicheko.

"Kumbe mnashirikiana?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana!" tukajibu wote wawili kwa pamoja.

Mwenyekiti akavua miwani, akaiacha ining'inie. "Haya ya seva alitueleza tangu alipoomba," akaniambia mimi. "Tulitaka tu ayaseme ukiwapo."

Nilitaka kumkumbatia mdogo wangu na kumzaba kofi, na sikujua nianze na lipi. Nikajifuta macho kwa aproni, doa na yote. Kisha hasira zangu, ambazo hazijui kusoma wakati, zikapanda.

"Sitaki kuhurumiwa," nikamwambia. Nilimwambia yeye, uso kwa uso, bila kupitia kwa mama.

"Huruma gani, dada?" akasema. "Ukifunga, nani ataziunda programu zote zile? Mimi? Mimi mvivu. Unadhani jina la Kochi lilitoka wapi?"

Nikamwangalia. Amekonda kidogo, na mvi moja imemtoka kwenye kidevu, wala hakuna aliyeniambia.

"Tai yako imekaa upande," nikasema.

"Na wewe unanukia friji," akasema. Tukaanza kucheka pale pale, na mwenyekiti akatuacha tucheke.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mama na flashi mkobani. Nilikuwa nimeamua jambo kubwa, naomba ulipime: ndani ya flashi ile nilibeba Kochi. Niliazimia kumwekea mama Kochi kwa mkono wangu mwenyewe na kuliacha hapo, menyu chini, rangi na vivuli na kila kitu. Nilipofika nilimkuta mdogo wangu kainama mbele ya kompyuta.

"Dada, usigombe," akasema upesi. "Nimemaliza sasa hivi. Nimemwekea Kigoda."

Nikatoa flashi, nikamwonyesha. Akaelewa. Tukasimama tunatazamana kama mazuzu wawili.

"Na karata zangu?" mama akauliza kutoka kitini.

Mimi nikatazama flashi, yeye akatazama kibodi.

"Nimeuliza. Nilikuwa nimeshinda michezo mingi safari hii. Iko wapi?"

"Mama, tutakurekebishia," mdogo wangu akasema, akavuta kiti, nami nikavuta changu, tukakaa bega kwa bega mbele ya kioo kimoja kama zamani. "Tukutengenezee mfumo wako, wako peke yako, hatutaufuta tena. Wewe tuambie tu unavyotaka."

"Wepesi wa Kigoda na sura ya Kochi," nikasema mimi. "Na menyu itakaa unapotaka wewe. Hatutagombana. Sema, mama. Juu au chini?"

Mama akatutazama mmoja mmoja.

"Menyu ndiyo nini?"

"Ile ya kufungulia karata, mama," mdogo wangu akasema. "Pale unapobonyeza kwanza."

"Mimi sibonyezi huko kwenye kioo," mama akasema. Akanyoosha mkono katikati yetu na kubonyeza kitufe kimoja cha kibodi, chini kushoto, kilichochakaa hadi alama yake imefutika. Menyu ikafunguka. "Nabonyeza hiki. Siku zote nabonyeza hiki, awe amekuja huyu au yule. Kwani nyie mnafanyaje?"

Kitufe kile tulikiunganisha sisi wawili, mimi na yeye, wiki za mwanzo kabisa za Kigoda, kabla hatujagombana. Hufungua menyu popote ilipo.

Mdogo wangu alianza kucheka kwanza puani, kisha akateleza kwenye kiti akakaa sakafuni. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikalia kidogo, nikacheka tena. Mama akatuacha. Alipochoka akatusukuma kando, akavuta kiti chake mbele ya kioo.

"Lakini inakaa juu," nikamwambia mdogo wangu nilipopata pumzi.

"Chini, dada."

"Gombaneni huko nje," mama akasema, huku anagawa karata. "Mnanizibia mwanga."